Taa Zilizotangulia Mwezi

Sina subira na mafundi, na ninalisema hili mapema ili asije mtu akafikiri yule fundi wa taa nilimwonea. Fundi akiniambia "usijali, dada," ndipo ninapoanza kujali.

Nyumba yetu ya Chang'ombe iko kwenye kona, mahali ambapo njia inayotoka kwenye karakana za wachomeleaji inakutana na ile ya msikitini. Ukisimama kwenye mlango wowote wa mtaa ule, paa letu unaliona. Tangu nikiwa mdogo, baba alikuwa na waya mmoja wenye balbu za rangi ambao aliutundika ukingoni mwa bati kila Ramadhani ikielekea mwisho. Hakuwasha mpaka mwezi wa Idi utangazwe na asikie kwa masikio yake. Redio zilikuwepo kila nyumba, na siku hizi kuna simu zinazokuletea habari za mwezi wa dunia nzima, huku umeonekana, kule bado, mpaka kichwa kinakuuma. Ndiyo maana mtaa ulibaki na desturi yake: unatoka mlangoni, unatazama kwetu. Taa zinawaka, kesho Idi. Giza, nenda kapike daku.

Mwaka jana goti la baba lilikataa ngazi. Nikasema basi, tutaajiri watu wa kazi hiyo, wapo. Shoga yangu mmoja wa Kimara alinipa namba ya fundi aliyempambia nyumba wakati wa Krismasi. Fundi akaja mchana wa mwezi ishirini na tisa Ramadhani na kirikuu, kigari cha mizigo, iliyojaa maboksi. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, lafudhi ya bara, na kwenye simu alikuwa na picha za maduka, baa na majumba ya ghorofa aliyoyapamba. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

"Sasa sikukuu yenyewe lini, dada?"

"Kesho au keshokutwa."

"Ipi kati ya hizo?"

"Tutajua mwezi ukionekana."

Akacheka. "Aisee, Krismasi haijawahi kunifanyia hivi."

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake. Fundi akamwamkia, baba akaitikia, kisha akamwita karibu. "Fundi, tundika utakavyo. Ila isiwake hata moja mpaka mie niseme. Hata ya kujaribia. Watu wa hapa wanafuata taa hizi."

"Usijali, mzee."

Mchana kutwa alitembea juu ya bati letu kama yuko sebuleni kwao. Alishusha taa ukingoni kote, akazungusha nguzo za baraza, akapandisha nyingine mpaka kwenye mnazi wa uani. Alasiri akafunga ngazi kwenye gari, akasema anakwenda kumalizia kwingine, kesho asubuhi atapita kukagua. Baba akamuuliza tena kama zimezimwa. Zimezimwa, mzee. Na kweli zilikuwa zimezimwa, maana jua lilikuwa linawaka.

Tulifungua kwa tende na uji. Baba akachukua bakora yake akaenda kuswali magharibi. Mimi nilikuwa jikoni naepua mihogo ya nazi, giza linaingia, mara dirisha likawa la bluu. Kisha jeupe. Kisha bluu tena.

Nikatoka na mwiko mkononi. Nyumba nzima ilikuwa inamwaga mwanga mpaka barabarani, na chini ya mwanga ule watoto walikwisha kuanza kuruka. "Idi kesho! Idi kesho!" Kutoka nyumba ya pili kikapigwa kigelegele, kikapokelewa na cha mbele yake. Bodaboda mmoja akapita anapiga honi, anaipeleka habari mtaa wa chini kwa wasioliona paa letu. Jirani wa mbele, mwenye sukari na miguu inayovimba, akaniinulia mikono kutoka kizingitini kwake. "Alhamdulillahi, mwanangu! Mie nilishachoka!"

Nikampigia fundi. Mara ya kwanza nikakosea namba, nikarudia.

"Fundi, taa zimewaka!"

"Zinapendeza, eeh?"

"Nani kakwambia uwashe?"

"Sijawasha mie, sista. Zina kihisio. Ikiingia giza zinajiwasha zenyewe, hata mkisafiri. Kazi zangu zote naweka hivyo."

"Zizime!"

"Boksi la kuzimia nimelifunga juu kwenye kenchi za paa, watoto wasichezee. Na ngazi ninayo mie, niko kwenye foleni huku Kimara."

Nilimtukana. Tusi lenyewe siliandiki, ulikuwa mwezi mtukufu. Kisha nikakimbilia swichi kubwa ya ukutani, nikaishusha, nyumba nzima ikawa giza. Nilidhani nimeokoa jahazi. Nikasikia mtu nje anapaza sauti: "Umeme umewaishia? Kanunueni uniti bwana, mtuwashie!" Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba habari imefutwa. Walitucheka kwa kuishiwa umeme siku ya sikukuu.

Baba akatokea njia ya msikitini, amezungukwa. Watu wanampa mikono, Idi mubarak mzee, Idi mubarak. Alikuwa anaipokea ile mikono, uso umekakamaa. Aliposimama barazani akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kautangaza mwezi?"

Wakaangaliana. "Si wewe, mzee? Taa zako."

Akanigeukia. Nikamwambia zimejiwasha zenyewe, baba, fundi kaweka mashine ya giza. Nilikuwa nalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Kuna watu hapa wataamka kesho wanywe chai," alisema, "na huenda kesho bado ni Ramadhani. Watakuwa wamekula kwa neno langu."

"Subiri redio, baba. Watatangaza muda si mrefu."

"Na wanaolala mapema? Na huko chini ilikokwenda pikipiki?"

Akashika bakora akashuka barabarani. Nikamfuata na tochi ya simu. Kila mlango alibisha hodi, akasubiri aitikiwe, akasema maneno yaleyale: "Mwezi bado haujatangazwa. Taa zimekosea. Daku libaki palepale mpaka tusikie." Wengine walimwambia hamna neno, mzee. Watoto wengine wakaangua kilio, mama mmoja akasonya maana nyama ya pilau alikwisha kuitia viungo. Jirani wa miguu inayovimba alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso na ukaya wake. Mlango mmoja, tulipogeuka tu kuondoka, nikasikia sauti ya mwanamume ndani: "Mzee naye kaanza kuchanganyikiwa."

Nilitaka kurudi. Baba alinishika mkono. Alikuwa amesikia, na hatua yake ikawa nzito zaidi baada ya hapo, sijui ni goti au ni lile neno.

Tulipofika katikati ya mtaa alisimama kupumua. "Rudi nyumbani, mama, ukasikilize. Ukisikia kwa masikio yako, washa. Mie namalizia huku."

Nikarudi nikiwa nusu nakimbia. Redio ya betri niliiweka juu ya meza jikoni, mihogo imepoa, na mkono wangu mmoja ukiwa juu ya ile swichi ya ukutani. Zikasomwa habari nyingine, zisizo na maana kwangu. Muziki wa kasida ukapigwa, ukakatwa. Kisha mtangazaji akasoma salamu ndefu. Umeonekana. Nikangoja arudie. Akarudia, na mahali ulipoonekana, na kwamba kesho ni Idi.

Nikapandisha swichi na kutoka nje nikitabasamu peke yangu.

Mwanga ulimwagika barabarani kama mwanzo, bluu, nyeupe, bluu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walitoka milangoni wakasimama. Wala hawakuzitazama taa kwa muda mrefu. Walimtazama baba, aliyekuwa kule chini peke yake na bakora yake. Mtu akapaza sauti: "Mzee, na hizi je?"

Baba akainua uso akalitazama paa lake mwenyewe, nami nikaona kwamba na yeye hakuamini.

Nilikimbia na khanga ikinivuka, nikipiga kelele, umeonekana, umeonekana, nimesikia. Nilipomfikia alinishika bega. "Kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu, baba. Na wamerudia."

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, na nikadhani sasa tunakwenda nyumbani. Alipita mbele ya nyumba yetu bila kugeuka, akaenda kwenye mlango wa kwanza tulioanza nao, akabisha hodi. Milango yote aliirudia, hata ule wa yule bwana.

Mwaka huu nilimwajiri fundi yuleyule, maana kazi yake nzuri na sasa ananiogopa. Alikitoa kile kihisio, akavuta waya mpaka barazani, akaweka swichi moja kando ya kiti cha baba. Jioni ya mwezi ishirini na tisa mtaa ulikusanyika mbele yetu, na hakuna aliyeangalia bati. Walikuwa wanaangalia kidole chake. Redio ikatangaza, baba akabonyeza, taa zikawaka kila mahali, na watu wakabaki kimya vilevile wakimngoja aseme mwenyewe. Sauti yake siku hizi ni ndogo, kwa hiyo hata watoto walinyamaza.