Fundi Muhirwa hataki tena kukaza nati kwa bomba

Saa moja asubuhi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Muhirwa amepiga magoti kando ya gurudumu la Hiace nyeupe, na anagomba.

"Nani alikukazia hii?"

"Fundi wa Mbarara," anajibu dereva, Venuste. "Alipanda juu ya bomba, akaruka. Imekaza sana!"

"Imekaza vibaya! Unabeba batu humu, si mihogo!"

Abiria kumi na wawili wanasubiri na mizigo yao, wengine wananuna. Muhirwa hajali. Analegeza nati zote, anasafisha boliti kwa brashi, anazirudisha nati kwa mkono na kuzikaza kwa kupishana. Kisha anachukua spana ndefu yenye namba kwenye mpini, anaiweka kwenye 110, kipimo cha gari hili, na kuvuta polepole. Spana inalia tak: nguvu imefika kipimo. Anaachia hapo hapo.

Muhirwa, mwenye miaka 43, ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Ufundi alijifunzia gereji moja mjini Mbarara. Huko, kukaza tairi kulimaanisha kuchomeka bomba kwenye spana na kulirukia.

Mwaka juzi alikaza hivyo magurudumu ya basi dogo. Karibu na Kabingo, boliti zilizovutwa kupita kiasi zilikatika, gurudumu likachomoka, gari likapinduka. Ndani alikuwamo dada yake, Mukashema. Alikatwa mguu wa kushoto.

"Bosi wa gereji aliniambia ni mapenzi ya Mungu," anasema, sauti ikipanda. "Mungu hakushika ile bomba! Niliishika mimi, na bosi njo alinifundisha."

Aliacha kazi wiki hiyo hiyo, akaenda kutafuta spana ya kipimo. Duka la kwanza walimpa ya malori, inayoanzia 200.

"Muuzaji anasema kubwa njo muzuri. Muzuri kwa nani?"

Alichukua inayoanzia 40 hadi 200, ili namba anazotumia ziangukie katikati. Halegezi nati nayo kamwe, na akimaliza anairudisha kwenye namba ya chini, springi isichoke.

Madereva wengi wamemhama. Wanasema anachelewesha safari. Kuna siku hapati gari hata moja, na hapo hasira humfanya agombane hata na wapita njia.

Mukashema, ambaye sasa anashona nguo jirani na banda la Muhirwa, amechoshwa na kelele hizo. "Madereva hawashiki spana, ndugu yangu," alimwambia. "Nenda kwa bale banaishika."

Ndiyo maana mwezi ujao atarudi kwenye gereji ile ya Mbarara akiwa na spana yake begani. Bosi hajamwalika.

"Kuko mafundi kumi na moja pale, banakaza vile nilikuwa nakaza," anasema. "Akinifukuza, nitabafundishia inje ya geti."