Kidogo cha Nani? Miaka Yangu ya Kusinga, Kasongo na Kabambare

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikushika jiwe la kusagia wala chungu. Niliambiwa ninyooshe mkono. Somo akaugeuza, akaitazama ngozi ya ndani ya kiwiko kama mtu anayechagua kitambaa, akanipaka tone la uji wa manjano. "Kaa nalo," akasema. "Kesho nioneshe, keshokutwa nioneshe, mtondo nioneshe. Ukijikuna, sema."

Kiswahili changu kilikuwa bado kibichi. Nikamuuliza, "Na kazi iko wapi, Mama?"

"Ndiyo hiyo. Ngozi yako itapata habari kabla ya ngozi ya watu."

Somo lilikuwa jina la kazi yake: mwanamke anayewafunda wari na kuwaandaa kabla ya harusi. Alitoka pwani na msafara wa bwana mwenye nyumba ile ya Kasongo, na jina alilopewa na mama yake sikulisikia kamwe. Mimi ni Mubangubangu wa upande wa Lusangi. Nililetwa Kasongo na watu wa bunduki. Sikuja kuomba kazi, nisiwadanganye. Nilikuwa napelekwa kwenye mashamba ya mpunga, Somo akasema anahitaji mikono ya kusaga, akanitoa mstarini. Wakanipa jina la Faida. Kwa nini Faida, sijui, labda waliona itakuwa yao.

Kusinga, wajukuu zangu, si kupakana mafuta tu kama mnavyofanya ninyi uani huku mnacheka. Ni kuusugua mwili kwa singo, yaani unga wa mchele uliokorogwa na manjano, mafuta ya ufuta na vitu vya kunukia, mpaka taka za ngozi zitoke zenyewe kama makombo. Pwani walitia liwa, ule mti wa harufu. Liwa ilifika Kasongo kwa mwaka mara moja, tena kipande cha kidole, basi Somo akajifunza vya kwetu: nkula, ule unga mwekundu wa mti wa msituni, na mafuta ya kokwa za ngazi, yaani mchikichi, na majivu ya maganda ya ndizi. Alikaa chini na bibi za Kizimba na za Kibangubangu akiwauliza kama mwanafunzi. Mwanamke wa pwani, mwenye ushungi wake na udi wake, anamwamkia mwanamke wa shamba "shikamoo" ili aambiwe habari za majivu! Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Lakini majibu ya wale bibi yalimtia wazimu. "Tia kidogo," wanamwambia. "Acha kidogo, halafu nawa." Somo anapiga ulimi: "Kidogo cha nani? Cha mkono wako au cha mkono wa mumeo?" Ndipo anatoa finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa alichokibeba kutoka pwani ndani ya nguo zake. Anamwambia bibi achote kidogo chake, anakimimina ndani ya finjani, anatia alama kwa ukucha wenye wanja. Anakwenda kwa bibi wa pili, kwa wa tatu, mpaka wa saba. Kidogo cha mmoja kilikuwa nusu finjani, cha mwingine kilifurika. Kisha anachukua kile cha katikati, anakijaribu kwenye kiwiko chake, halafu changu, siku tatu. Nyumba nyingine za Kasongo walipaka walichosikia sokoni. Yetu tulipaka tulichokijua.

Muda nao ulikuwa na kipimo. Dawa ya uso ilitiwa maji ya majivu, yale makali ya kutengenezea sabuni. Yakikaa sawasawa, ngozi inalainika. Yakizidi, yanakula. Somo aliupima muda huo kwa Yasini. Anapaka, anasoma sura ya Yasini kwa moyo, akimaliza ananawisha. "Uso hausomewi," alimwambia mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenuna. "Mimi nasoma kwa ajili ya Mungu, uso unangoja tu." Na mimi Somo akanifundisha sura ile, neno kwa neno, mwaka mzima.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Binti wa bwana alipoposwa na mtu mkubwa wa Kabambare, singo la siku saba likaanza. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kwa sisi watu wa ndani: aliyeharibu kazi alifungiwa pembe ya ndovu kichwani akatiwa katika msafara wa kwenda Tanganyika. Niliwaona waliokwenda. Aliyerudi sikumwona hata mmoja.

Siku ya tatu Somo aliitwa nyumba ya jirani, mtoto anazaliwa vibaya. Akaniachia uso wa binti. Mchanganyiko ulikuwa ule ule, finjani ile ile, umejaribiwa kwenye kiwiko changu siku tatu naye akisoma. Nikapaka, nikaanza Yasini. Nilisoma kwa adabu. Nikikwama narudi mwanzo wa aya, maana alinifundisha kwamba aya haikatwi. Nilikwama mara nyingi, wallahi, sihesabu.

Binti akasema, "Faida, inawasha."

"Vumilia, bibi. Yasini haijakwisha."

"Inaunguza!"

"Iko karibu, bibi yangu, iko karibu."

Mungu anisamehe. Nilikuwa namwamini mwalimu wangu kuliko mtoto wa watu aliyekuwa analia mbele yangu. Nilipomnawisha, mashavu yote mawili yalikuwa mekundu kama nyama, na chini ya taya ngozi imefunguka.

Somo alirudi mbio. Hakunipiga. Alimwaga maji baridi juu ya uso ule, mtungi juu ya mtungi, akampaka asali ya nyuki, akamfunika kwa kitambaa chepesi. Kisha akanigeukia. "Umetia finjani ngapi?" Nikamwambia. "Umengoja kiasi gani?" "Yasini moja, kama ulivyonifunza." "Soma," akasema. Nikasoma, nikikwama narudi. Hakungoja nimalize. Alijipiga paja.

"Yasini ya nani?" akasema. "Ewe mwanamke mpumbavu!" Nikadhani ananitukana mimi. "Miaka yote nawacheka wenzangu kwa kidogo chao, kumbe changu nimekificha mdomoni mwangu mwenyewe!"

Bwana akaja, akafunua kitambaa, akafunika. Akaniangalia mimi. Kamba ya pembe nilikuwa nimeshaisikia kichwani. Somo akasimama kati yetu.

"Bwana, mkono ni wake, kipimo ni changu. Ukitaka kichwa cha kufungia pembe, hiki hapa. Kimezeeka, lakini njia ya pwani kinaijua."

"Siku ya ndoa haisogei," bwana akasema. "Uso usipopona, mtakwenda wote wawili."

Siku nne, wajukuu zangu. Asali asubuhi, utelezi wa bamia mchana, mafuta ya kokwa jioni, na kila kitu kinapita kwanza kwenye kiwiko cha Somo. Sikula. Binti, Mungu ambariki, alikuwa akinichekesha: "Faida, usilie, machozi yako yana chumvi, yataniwasha." Siku ya ndoa ngozi ikawa imefunga. Ilibaki alama kama punje ya mchele chini ya taya, ushungi ukaificha. Bwana alitazama, akaondoka.

Wiki ile ile Somo alichukua kibuyu, akakitoboa chini, akatia katika tundu ushanga wa kioo na kuuzungushia nta, ili tundu lisiliwe na maji likapanuka. Akakijaza mpaka mdomoni, akakitundika, akasoma Yasini yake kwa mwendo wake. Alipomaliza, akapunguza maji, akaanza upya. Asubuhi nzima alisoma na kupunguza, mpaka tone la mwisho likaanguka pamoja na neno lake la mwisho. Akachora alama ya wanja ndani ya shingo. "Sasa," akasema, "hata bubu atasinga." Halafu akaenda mlango kwa mlango, nyumba zote alizozifundisha, akawaambia: kipimo nilichowapa kina kosa, kosa ni langu. Mtu mkubwa vile! Nimeona mabwana wengi na wazungu wengi tangu hapo. Sijaona mwingine akipita kutangaza kosa lake.

Yule binti ndiye aliyeniomba nimfuate Kabambare. Nilikaa kule miaka mingi nikiwa mkubwa wa singo, chini ya mama mkwe wake tuliyemwita Bibi wa Nyumba, mkali lakini wa haki. Siku ya kwanza aliniambia, "Huku kwetu twapaka kwa kukisia." Nikamjibu, "Basi nyoosha mkono, Bibi." Watu walishika vinywa. Akaunyoosha, na siku ya tatu akanipa chumba na mtungi wangu.

Kisha vita vikaja, wazungu wa serikali na askari wao, mabwana wakatawanyika. Nilirudi Kasongo kwa miguu, nikamkuta Somo kitandani, macho hayaoni. Hakuuliza habari za vita. Aliuliza, "Wanatia majivu finjani ngapi kule Kabambare?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa akacheka, akaniambia nichukue kibuyu. Alifariki mwezi wa mfungo wa mwaka ule.

Nimesinga wari wa mji huu mpaka vidole vikakataa. Sasa mnakuja na maswali yenu, bibi tia nini, bibi ngoja kiasi gani. Finjani iko pale rafuni, ina ufa lakini haivuji. Kiwiko ni chako mwenyewe, usiniombe changu, kimechoka.

Na kibuyu nakitumia mimi. Alhamisi nakijaza mpaka ile alama, nakitundika, nafumba macho, nasoma pamoja nacho. Ni mwendo wa Somo ule ule, pumzi yake yote iko mle. Miaka hii yote naikimbiza sauti ile. Sikwami tena, namshukuru Mungu, lakini tone la mwisho likidondoka mimi nimebakiza aya mbili. Nazimalizia peke yangu.