Amiba Isiyopona

Harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, iliyofungiwa ndani ya mkebe wa plastiki tangu asubuhi, hunikasirisha hadi leo. Wenzangu kazini wanajua wasile ndizi karibu na meza yangu, na wanadhani ni maringo. Si maringo. Nikiinusa tu, niko tena nyuma ya matangi ya maji ya shule ya msingi, Kitengela, darasa la sita, nikimeza kidonge kilichofichwa ndani ya ndizi huku macho yakinitoka kama mwizi wa kuku.

Kidonge chenyewe kilikuwa cha kunituliza akili. Tangu nasari nilikuwa mtoto ambaye walimu walipokezana kama kaa la moto. Nilianza hesabu ya kwanza nikaimalizia katika ya tatu. Nilisimama katikati ya somo kwenda dirishani kuangalia malori ya mawe, na kwa kuwa machimbo yalikuwa karibu, malori hayakuisha. Nilipoteza sweta, viatu, na mara moja mfuko mzima wa vitabu, ambao ulionekana Isinya, na sijui ulifikaje huko. Kwa hayo yote nilichapwa, nikaahidi kubadilika, na nilimaanisha. Kesho yake niliyarudia. Hakuna kinachomchosha mtoto kama kuahidi kwa moyo wote kisha kushindwa mbele ya watu.

Hatimaye shangazi yangu aliyefanya kazi Nairobi akamshawishi mama anipeleke kwa daktari wa watoto huko. Daktari akalitaja jina: ADHD. Akasema mimi si mtukutu wala si mjinga, ni namna tu ubongo wangu ulivyoumbwa, na dawa ingeusaidia kutulia. Jamani, nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilitaka kumwambia kila mtu, kuanzia askari wa getini. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniuliza kwa nini niko hivi, na sasa nilikuwa na jibu.

Mama alinishika mkono tukiwa bado kwenye ngazi. "Hii maneno inabaki kati yetu," alisema. "Watu wakisikia ni kitu ya kichwa, watasema wewe ni kichaa. Ukiulizwa dawa ni ya nini, sema uko na amiba."

Kwa wasiokulia kwetu, amiba ulikuwa ugonjwa wa kila nyumba. Maji tulinunua kwa mikokoteni ya punda, na nani angeuliza yalikotoka? Ulikuwa uongo mzuri. Kasoro yake ni kwamba amiba hupona upesi. Yangu ilimaliza muhula wa kwanza, ikaingia wa pili, na kila saa ya chakula cha mchana ikanipeleka nyuma ya matangi. Tena ile dawa iliniua hamu ya kula. Mashavu yakaisha. Sketi ya shule ikaanza kunizunguka kiunoni, mama akaibana kwa pini. Na baba yangu alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, barabara ya Namanga hadi ndani kabisa Tanzania, mtu wa kuonekana nyumbani mara mojamoja.

Mnaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Nasieku, ambaye mama yake aliuza maziwa na shanga mkabala na lango letu. Kwa Wamaasai, mtoto hampi mtu mzima mkono. Huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Sisi watoto wa Kikuyu tuliohamia pale tuliiga haraka, mimi hasa, kwani ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa kila siku. Mama Nasieku alikuwa na kiganja kizito kilichonukia moshi, na hakuwa na haraka ya kukiondoa. Kikiwa pale, kelele zote za kichwani mwangu zilinyamaza. Nilimpenda mama yule.

Jioni moja nikainamisha kichwa, nikangoja. Nikangoja tena. Nilipoinua macho, Mama Nasieku alikuwa ameshika kibuyu chake kwa mikono miwili.

"Sopa, Muthoni," akanisalimu kwa Kimaa akiwa kulekule.

"Epa," nikaitikia, nikidhani ni kwa sababu mikono yake imejaa. Siku iliyofuata haikuwa imejaa. Aliificha ndani ya shuka.

Kisha Nasieku akakataa uji wangu. Tulikuwa na desturi ya kunywa kikombe kimoja wakati wa mapumziko, lakini siku hiyo alikirudisha bila kukionja.

"Mama amesema nisikunywe na kikombe yako."

"Kwa nini?"

"Si unajua."

"Sijui!"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Zile dawa unamezanga. Watu wanasema ni za ile ugonjwa ya kukonda. Ati baba yako ndio alileta na lori."

Miaka ile ukimwi haukutajwa kwa jina, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza angejua ni upi uliokuwa ukizungumzwa. Hasira ilinipanda. Jibu nilikuwa nalo, limefika ulimini, na nilikuwa nimekatazwa kulitoa. Nikisema, mimi ni kichaa. Nisiposema, baba ni malaya na mimi ni wa kuzikwa. Nikanyamaza, na Nasieku akachukua kimya changu kuwa ndiyo. Nikiyafikiria sasa, hasira yangu ina pande mbili, kwa sababu ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kumgusa mtoto kichwani. Mtoto aliyekuwa nao kweli alikihitaji kiganja kile kuliko mimi.

Nilipomwambia mama, aliketi juu ya gunia la makaa, na nguo yake ya kazi. Alhamisi ile akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi ya nyumba kwa nyumba. Mama akasimama kabla ya chai.

"Mtoto wangu hana hiyo kitu mnasema," aliwaambia, sauti ikikwaruza. "Ako na ADHD. Ni akili yake haitulii. Daktari ndio alisema."

Mmoja akasema amina. Mwingine akamkumbatia mama, akambembeleza, "Mama Muthoni, usijali. Siku hizi kuna dawa. Watu wanaishi."

Hawakuamini! Waliona tumebuni ugonjwa wa herufi nne ili tufunike wa herufi tatu. Tungesema mwanzoni, wangetucheka wiki moja na kusahau. Sasa ukweli wenyewe ulionekana kuwa uongo wetu wa pili. Wakatuombea muda mrefu kuliko kawaida, wakainywa chai yetu kwa uangalifu mkubwa, na Mama Nasieku, aliyekuwa miongoni mwao, akaniaga akiwa mlangoni. Nilitamani kupindua ile meza na birika lake.

Asubuhi yake nikamvuta Nasieku hadi nyuma ya matangi, nikameza kidonge mbele yake. Sikutaja herufi. Nilimwambia kichwa changu kinakimbia hata nikikikataza, kwamba mwalimu akiongea namsikia yeye na lori na nzi na mtu anayekohoa darasa la pili, wote kwa pamoja, na kwamba hii dawa inawanyamazisha wengine.

Alinitazama mdomo wazi, kisha akakasirika.

"Kwani hiyo ndio siri? Muthoni, hiyo kila mtu anajua! Tangu nasari hukaangi chini! Viatu zako ni nani hukutafutia?"

Akaenda kumweleza mama yake kwa Kimaa, akiniigiza nikirukaruka darasani, na nadhani ni maigizo yale yaliyofanya kazi ambayo daktari na maombi havikuiweza. Kiganja kilirudi utosini, ila baada ya hapo kilikuwa cha harakaharaka.

Mama nilimlaumu miaka mingi. Kisha nikampeleka binti yangu kwa daktari, Kajiado mjini, naye baada ya kumpima akanigeukia. "Na wewe mama, ulikuwaje utotoni?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yule daktari wa Nairobi alimuuliza mama swali hilohilo, nami nikiwa kando yake. Mama alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. "Mimi nilikuwa sawa tu," alisema. Mama yangu, aliyeacha shule darasa la tano kwa kuchoka kuchapwa, ambaye hadi leo huweka chai motoni na kwenda sokoni. Nilikuwa nimeketi palepale, na sikumsikia. Hakuwa akinificha mimi peke yangu.

Binti yangu alikuwa ameacha kucheza na kiti, akiningoja niseme.

"Nilikuwa kama huyu," nikamjibu daktari.