Chungu cha Fiwi

Mbegu hailiwi. Mtoto wa Mtongwe, huku Likoni, huambiwa hivyo kabla hajajua kufunga leso, na Mwanabibi aliambiwa zaidi ya wengine, maana nyumba yao ndiyo iliyohifadhi fiwi, maharage mapana ya madoa mekundu, mbegu ya bibi yake. Kibuyu chake kilining'inia juu ya meko, fiwi zimechanganywa na jivu, mdomo umezibwa kwa gunzi la hindi na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe. Jirani aliyekosa mbegu aliazima, akavuna, akarudisha. Kuziuza ilikuwa aibu. Kuzila, hata njaa iingie, hakuna aliyethubutu.

Basi ajabu ni kwamba fiwi zile ziliishia chunguni, na mpishi alikuwa Mwanabibi mwenyewe. Tumtendee haki: hakuzila yeye. Alimpikia bintiye, na bintiye alikuwa amekufa.

Jalila alikuwa mwanawe wa pekee. Alisomea historia chuo kikuu, na kila likizo alirudi na kitabu kinene cha habari za Wayunani wa kale, watu wa Ugiriki. Mama akipukuchua kunde uani, binti alimsomea.

"Chakula chao shayiri, mama. Uji wa shayiri, mkate wa shayiri. Na zeituni, na tini, na dengu. Nyama mpaka siku ya kafara."

"Na nazi?"

"Hawana nazi."

"Masikini! Hebu soma, tuone walivyopona."

Kumbe walikuwa wakulima wanaotazama Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wa Mwanabibi pia walikifuata wakilima. Kikizama alfajiri walishika jembe, kikizuka walivuna. Mwanabibi alifurahi sana, akajibu kwa maneno ya kwao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kabla ya kuzuka, kitabu kilisema, Kilimia hujificha siku arobaini.

"Kama arobaini ya maiti," mama alisema, akaendelea kupukuchua.

Jambo moja halikumtoka Mwanabibi. Kila mwaka, majira ya maua, Wayunani waliamini wafu wao wanapanda juu kuwazuru. Walichemsha mbegu za kila aina katika chungu kimoja kwa ajili ya wageni hao, na aliye hai hakuonja. Sikukuu ikiisha, wenye nyumba waliwaambia wafu: tokeni nje, sikukuu imekwisha.

"Wawafukuze wazee wao? Hawana adabu hao."

Jalila alicheka. "Wasiporudi chini, mama, nani atazisukuma mbegu zitoke?"

Tangu siku hiyo, binti akipanda, alitoboa shimo kwa kidole gumba akatia fiwi mbili. Moja yetu, alisema, moja yao. Ulikuwa utani wake.

Mwaka juzi homa ya siku chache ilimchukua. Maiti ikaletwa, ikaoshwa, ikaswaliwa, wanaume wakaibeba. Kwao wanawake hawaendi kuzika, na Mwanabibi alibaki ukumbini na watu wa matanga. Hakuuona mchanga ukimfunika mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu uchungu wake haukupata pa kukomea.

Ndipo ilipoanza ile sauti. Akipukuchua kunde, nyuma ya ukuta wa makuti mtu alisoma taratibu habari za shayiri na tini. Akigeuka, kimya. Hakuogopa. Alichoogopa ni siku sauti ile itakapokoma.

Watu wa pwani husema usiku wa kuamkia Ijumaa roho hurudi makwao kuangalia kama zinakumbukwa. Imamu husisitiza Yasini na sadaka kwa majirani, na Yasini Mwanabibi alisoma. Lakini Alhamisi moja, baada ya maghribi, alitia ubani chetezoni, akatungua kibuyu, akachota ukufi wa fiwi, akazichemsha pamoja na kunde na mtama. Akapakua bakuli moja, akaliweka kizingitini. Alipoamka kuswali alfajiri alilikuta limejaa vilevile, ila katikati palikuwa na tundu la kidole gumba.

Mwingine angehama nyumba siku hiyohiyo. Mwanabibi alilibusu bakuli, na Alhamisi iliyofuata akapika tena. Akaendelea hivyo, kibuyu kikipungua, shamba likiota magugu.

Mficha maradhi kilio humfichua. Masika ya mwaka huu, Alhamisi jioni, alikuja Mweri, jirani na mwenzake wa shamba tangu ujana.

"Hodi, mamake Jalila! Mvua ishashika, Kilimia kishainama magharibi. Fiwi zangu zimeliwa na wadudu. Niazime, dada, hazipo kwingine ila kwako."

Kumnyima mtu mbegu hakujawahi kutokea katika nyumba ile. Mwanabibi alisogea kuziba meko. Mweri alisikia harufu, akafunua chungu kilichokuwa motoni.

"Wapika mbegu?"

"Ni za Jalila. Huja."

Mweri alitungua kibuyu mwenyewe, akakitikisa, akamimina kilichobaki kwenye ungo. Hazikujaza hata viganja viwili. Hakupiga kelele, ila machozi yalimlengalenga.

"Ukizimaliza hizi, dada, utakuwa umemzika bibi yako mara ya pili. Tuzipande zote kwako. Mimi nitangoja mavuno."

"Na akija akakosa?"

Mweri alizirudisha fiwi kibuyuni.

Jumamosi asubuhi walipanda pamoja. Kwa kuwa zilikuwa chache, Mwanabibi alitia moja moja, kwa uchoyo, akiitazama kila fiwi kabla ya kuifunika. Alhamisi hakupika. Nyuma ya makuti sauti ilisoma kama kawaida, ila chini zaidi, na yeye alilia mpaka ubani ukazimika.

Fiwi ziliota zote. Na kila shimo liliota miche miwili.

"Ulitia mbili," alisema Mweri.

"Nilitia moja moja. Wewe si ulikuwapo?"

Mweri alitazama tuta la kwanza hadi la mwisho, akajifunga leso upya. "Punguza, dada. Zikisongamana hazitazaa, na mbegu itakuwa ndiyo basi." Akaenda zake, na hakutembea polepole.

Mwanabibi alipiga magoti. Hapo ndipo sauti ilipomjia, mara hii si nyuma ya ukuta, bali pale pale shambani, karibu na bega. Ilisoma habari za chungu cha mbegu zote, na wafu waliopanda juu, na wenye nyumba waliosimama mlangoni. Ikafika hapo, ikaacha. Mwanabibi alingoja, na sauti nayo ilimngoja. Maneno yaliyobaki aliyajua.

Aliushika mche mmoja shingoni.

"Toka, mwanangu," alisema. "Sikukuu imekwisha."

Akaung'oa. Akaenda shimo la pili, akasema tena, akang'oa, na hivyo hivyo akilia kwa sauti hadi mwisho wa tuta la mwisho. Kila aliponyanyua mche, alishindilia mchanga kwa kiganja kuifunika mizizi ya ule uliobaki.

Jioni alikaa uani na ungo wa kunde, akapukuchua. Alisikia maganda tu.