Upande wa Nyuma wa Mshono

Katika kundi letu la simu, ukituma picha ya kazi yako bila kuonyesha upande wa nyuma, hujibiwi. Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Sisi ni watu tunaoshona ngozi kwa kuipenda tu, wengine Bujumbura, wengine Bukavu, wengine hapa Kigali, na Kiswahili ndicho tunachokutania, kila mtu na chake. Nilipojiunga, kila mmoja alikuwa anatuma pochi inayong'aa kwa mbele na kungoja sifa. Mimi siamini kitu kwa sababu kinang'aa. "Geuza," nilikuwa naandika. "Tuone nyuma."

Ndipo nikaitwa Profesa. Aliyenipa jina hilo ni mlinzi wa jumba moja Nyarutarama, kijana wa rika langu, mzaliwa wa Tanzania, anayeshona mikanda mchana akitoka zamu. Alikuwa na neno kwa kila tatizo. Uzi upake nta. Sindano ipitishe kwenye nywele zako. Cherehani usiielekeze mlangoni, itachoka. Nilimuuliza chuma kinachokaje.

"Profesa, wewe hata ukifa utamuuliza malaika ana kitambulisho?"

"Nitamuuliza."

Jumatano moja akaingia mama mmoja anayeishi Batsinda, hapa Kigali, mtu mzima, aliyekulia Bujumbura. Alituma sauti, maana kuandika kulimchosha macho.

"Mwaramutse, watoto wangu. Miye nina mashini ya marehemu mama, ile ya kukanyaga. Nilirudi nayo juu ya lori. Sasa nataka kushona ngozi, majalada ya vitabu vya nyimbo vya kwaya yetu, na yenyewe inanitapikia uzi. Zamani mama ndiye alikuwa anaitilia uzi. Miye nilikuwa nakanyaga tu."

Kisha akasimulia la pili, kwa sauti ya chini kidogo. Mwanawe ana rafiki mwenye baa kule Gisimenti. Rafiki huyo anaitaka stendi ya chuma ya hiyo cherehani, aweke ubao juu, iwe meza ya wateja. Kichwa cha mashini kingekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwana alikuwa ameshapita kupima, na Jumapili angekuja na gari.

"Ananiambia, Maman, mashini isiyoshona ni meza tayari. Nikamwambia, Jumapili ukiikuta inashona, utaiacha? Akasema yego, ataiacha. Anajua haitashona."

Nikaomba picha ya nyuma. Ikaja: kipande cha ngozi ya kahawia, na chini yake vitanzi vya uzi vimejaa kama manyoya ya kondoo. Mbele mshono ulikuwa umenyooka. Sikufikiri hata dakika moja. Vitanzi viko chini, basi kosa liko chini. Nikamwandikia, kwa lugha ya mtu aliyesoma, kwamba uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, umelegea. Achukue bisibisi ndogo, akaze ile skrubu iliyoko kwenye kikopo cha bobini.

Mlinzi akaingilia. "Mama, shikamoo. Ulipotia uzi wa juu, mguu wa cherehani ulikuwa umeinuliwa?" Alikuwa anasema ule mguu mdogo wa chuma unaoikandamiza ngozi mbele ya sindano.

"Kwa nini uwe umeinuliwa?" nikauliza mimi, kabla mama hajajibu.

"Sijui. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga rula kwenye vidole tukitia uzi mguu ukiwa chini."

"Kupigwa rula si ushahidi."

Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, nakiri. Mama akanifuata mimi.

Alhamisi akakaza. Vitanzi havikupungua. Nikamwambia akaze tena. Uzi wa chini ukakatika. Nikamwambia basi alegeze, pole pole. Ijumaa mchana ikaja sauti fupi.

"Mwanangu, kaskrubu kametoka. Kamerukia kwenye zulia. Nimepapasa mpaka magoti yanauma. Ntakibazo, hakuna shida, si kosa lako."

Lilikuwa kosa langu. Angenitukana ningejua la kujibu. Nilikaa ofisini mbele ya kompyuta nikiifikiria skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Nikaomba ruhusa, nikarudi chumbani kwangu Remera, nikaiweka mezani cherehani yangu ya umeme.

Tangu niinunue nilikuwa natia uzi nikiwa nimeinua mguu, kwa sababu ndivyo picha ya kwenye kitabu chake ilivyoonyesha. Sikuwahi kuuliza. Mimi, ninayeuliza kila kitu.

Safari hii nikaushusha mguu kwanza, halafu nikatia uzi. Nikashona vipande viwili vya ngozi, nikageuza. Manyoya ya kondoo. Nikautoa uzi, nikainua mguu, nikatia upya, nikashona. Nyuma safi.

Nikachukua tochi ya simu, nikachungulia vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu. Mguu ukiinuliwa, vinaachana kidogo, upana wa unywele, na uzi unaingia katikati. Mguu ukiwa chini, vimefumba. Uzi unabaki ukingoni, haubanwi na chochote, kwa hiyo uzi wa chini unauvuta wote kwake. Kosa liko juu, linaonekana chini. Mtoto wa sekondari angelielewa. Mlinzi alikuwa na jibu bila sababu, nami nilikuwa na sababu za kutosha bila jibu.

Nikarekodi video ya yote mawili, nikaituma kundini. Chini yake nikaandika: "Nilikosea. Kaka alikuwa sahihi. Mama, nisamehe."

Mlinzi akajibu upesi. "Profesa, kwa nini ulikosea?"

"Kwa sababu sikujaribu."

"Sawa. Sasa jaribu na ile ya cherehani kuchoka mlangoni."

Lakini skrubu ilikuwa bado imepotea, na bila skrubu hata uzi uliotiwa vizuri haungesaidia. Nikaanza kuuliza kundini nani ana kikopo cha zamani. Fundi magari wa Bukavu akauliza kwa nini hatutumii sumaku. Mama akasema sumaku hana. Baada ya nusu saa akasema anayo, iko ndani ya redio iliyokufa. Jumamosi asubuhi ikaja picha: sumaku nyeusi ya spika, imeshika pini tatu, kifungo cha chuma, na ile skrubu.

Tukamwongoza, mimi na mlinzi, kwa zamu. Mimi nilieleza skrubu irudi hadi wapi. Yeye alisema: "Mama, mguu juu. Umeinua? Apa." "Naapa, sha." Kisha kimya siku nzima, na asubuhi ya Jumapili pia, maana alikuwa misani.

Alasiri ikaja sauti ndefu. Mwanzoni ni pedali tu, ikienda na kurudi. Kisha gari likazimwa nje, mlango, na sauti ya mwanamume.

"Maman. Unashona nini?"

"Ulisahau tepu yako ya kupimia hapa. Nakushonea kifuko."

Pedali ikaendelea. Nikasikia hatua zikisogea karibu na mashini. Halafu akasema, "Weka na sehemu ya kupitishia mkanda," na mama akamjibu, "Basi kaa, unanizibia mwanga."

Watu wakaanza kutuma vigelegele. Mimi nikaandika neno langu moja: "Geuza."

Picha ikaja jioni. Kifuko kimegeuzwa, mshono wa nyuma umenyooka isipokuwa kwenye kona moja, na kidole gumba cha mwanamume kimekishika ili kisijifunge.