Karani na Betri Iliyoota Ndevu

Kuna wanaume wamesoma hadi Nairobi na hawajui hata boneti inafunguliwa wapi.

Nabandika hii hapa ubaoni kantini kabla karani hajafika na uongo wake.

Leo asubuhi nimempeleka yule karani wa Voi kwa kaka yangu, kule milimani Mghange, akamchumbie binti yetu. Kufika Mwatate akazima pikapu, ajipanguse vumbi. Ikakataa kuwaka.

"Baba mdogo, betri imekufa," akasema, karibu alie.

Imekufa! Ananiambia mimi, niliyewasha trekta la mkonge lililolala porini miaka saba!

Nikafungua boneti. Vichwa vya betri vimeota ndevu za kijani.

Bwana karani akatoa kitambaa cha jasho, akapangusa.

"Kitupe hicho, kina asidi."

"Alinishonea mchumba wangu," akajibu. Akakitia mfuko wa nyuma.

Haya.

Nikaomba magadi na maji moto kwa mama muuza maharagwe. Nikamwagia, povu likafoka, nikakwangua kwa kisu, nikakaza nyaya. Ikawaka mara moja.

Kufika Mghange, wazee wamekaa. Karani akainama kuwasalimu.

Suruali ikaachia nyuma, yote! Asidi ilishakula kitambaa, mfuko na chupi.

Mama yangu akasema, "Mpeni leso ajifunge, arudi kwao. Posa aje nayo akiwa amevaa."

Sasa anatangaza Voi nzima kwamba suruali ilichanwa na mkonge.

Mkonge, juu kule Mghange kwenye baridi?

Andikeni hapa chini: nani kati yenu angempa binti?