Chango Hakipimwi kwa Mbuzi ya Nazi

Mama mkwe wangu alikuwa na kipimo kimoja cha chango, yale maumivu ya chini ya kitovu yaliyokuwa hayaniachi tangu niolewe Munje: mwanamke anayeweza kukalia mbuzi akakuna nazi, huyo haumwi. Hospitali ya Msambweni haikuwa mbali, lakini mume wangu hakunipa ruhusa mpaka mama yake akubali kuwa ninaumwa. Nami nilikuwa nakuna. Ningefanyaje? Kumwandalia mume wali usio na tui ilikuwa aibu ya mji mzima.

Basi nakuna, chango kimenishika toka kinenani hadi mapajani, na kile kiti cha mbuzi kinanisukuma palepale panapouma. Nikishuka nashika ukuta. Mama mkwe akiona kifuu kitupu husema, "Alhamdulillahi, leo hujambo." Nilimchukia, sisemi uongo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, naye aliitafuta ndani ya kifuu.

Ijumaa moja nikakataa. Wajomba wa mume wangu walikuja kula baada ya sala, nikawapikia wali wa maji na chumvi. Mume wangu alionja tonge moja, akaja jikoni uso umemwiva.

"Tui liko wapi?"

"Limo ndani ya nazi," nikamwambia. "Na mbuzi ile pale. Leo imenishinda kuikalia, kwa hiyo kwa kipimo cha nyumba hii mimi ni mgonjwa. Nipeleke hospitali, ama kesho mtakula hivi hivi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Nipishe," akasema, "nitakuna mwenyewe." Akavunja nazi, akakaa. Hakufika nusu ya kifuu. Aliinuka ameshika kiuno, jasho linamtoka, akaegemea ukuta pale pale ninapoegemea mimi.

"Wadhani mimi nilikuwa siumwi?" akaniambia. "Tangu nimzae huyu mumeo ninakuna na ninaumwa. Nani aliniuliza?"

Nilimwonea huruma, na hasira haikunitoka. Miaka yote ile alijua, na bado akanipima kwa kitu kilekile kilichomtesa yeye.

"Basi jitande leso, mama," nikamwambia. "Twaenda sote."

Akajitanda. Mume wangu akasema wageni bado wanangoja tui. Nikamwonyesha mbuzi, tukatoka kwa mlango wa uani.